Lita 70 zilizopotea Makambako: namna ya kuichunguza geji ya mafuta ya lori la dizeli

Dereva alifika Makambako karibu saa tano usiku, akaliegesha lori kwenye uwanja wenye taa, akalala ndani ya kichwa. Mshale wa mafuta aliuacha juu kidogo ya nusu. Alfajiri alipogeuza ufunguo, mshale ulipanda taratibu ukasimama juu kidogo ya robo. Kufuli la tangi lilikuwa mahali pake. Utingo aliinama chini ya lori na tochi ya simu, hakuona hata tone. Ikabidi dereva ampigie mwenye gari.

"Shikamoo mzee. Mafuta yameshuka usiku."

Kimya kidogo upande wa pili. "Marahaba. Yameshuka, au yameshushwa?"

Lori lililetwa kwangu juma lililofuata. Mwenye gari alikuwa ameshaamua mambo mawili: mimi nimfungie geji mpya, na dereva akatafute kazi kwingine. Nilimwomba anipe saa moja kabla ya yote mawili. Katika kazi hii ya umeme wa magari nimeona zaidi ya mara moja mtu akifukuzwa kwa sababu ya bolti yenye kutu, na jambo hilo huniuma kuliko hasara ya kifaa chochote. Ndiyo maana naieleza geji ya mafuta kwa urefu, ili dereva na mwenye gari waweze kuichunguza wenyewe kabla hawajatuhumiana.

Kabla sijashika spana nilimuuliza dereva maswali mawili tu. Uliondoka Dar na lita ngapi? Na mpaka Makambako ulikuwa umetembea kilomita ngapi? Tangi lilijazwa hadi mdomoni, lita 300. Safari ilikuwa kilomita 650 na ushee. Lori lile likiwa na mzigo hula lita 1 kwa kilomita 3, na mwenye gari mwenyewe hutumia hesabu hiyo kila anapotoa hela ya mafuta. Tukagawanya pale pale juu ya boneti ya gari jirani: lita kama 217 zimeungua, zimebaki kama 83. Robo ya tangi lile ni lita 75. Kumbe mshale wa alfajiri, ule uliomtia dereva matatani, ndio uliosema kweli. Uliodanganya ni mshale wa usiku, na ulikuwa ukidanganya tangu Dar. Ila tangi likiwa limejaa na mshale ukapita kidogo alama ya F, nani atalalamika?

Mshale unapima nini hasa

Ukikaa kwenye usukani unaamini kwamba mshale unayaona mafuta. Hauyaoni. Kinachoyagusa mafuta ni boya lililo ndani ya tangi. Boya linaelea juu ya dizeli, limeshikwa na mkono wa chuma, na mkono huo unasogeza kidole chembamba juu ya utepe unaozuia umeme. Boya likipanda, kidole kinasogea upande mmoja. Likishuka, kinasogea upande wa pili. Kifaa chote hicho, boya na mkono na utepe na kifuniko chake cha juu, mafundi wengi tunakiita floti, nami nitakiita hivyo hivyo.

Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi ya ufunguo na fyuzi, unaingia kwenye geji. Hapo unatoka kwa waya mmoja mrefu unaofuata chasisi mpaka kwenye tangi, unapita juu ya utepe wa floti, kisha unarudi kwenye betri kupitia ethi, yaani waya mfupi unaofunga kifuniko cha floti na chasisi. Geji inajua kitu kimoja tu: umeme umezuiwa kiasi gani njiani. Kizuizi hicho ndicho tulichofundishwa shuleni kwa jina la ukinzani, na kipimo chake ni omu. Geji haina namna ya kujua kama ukinzani umetoka kwenye utepe wa floti, kama fundi wa kiwandani alivyokusudia, au umetoka kwenye kutu iliyoota chini ya bolti la ethi. Kwake zote ni omu, na zote atazigeuza kuwa mafuta.

Sasa lije jambo linalowapoteza hata mafundi wazoefu. Geji zina mifumo tofauti, na mifumo hiyo inakwenda kinyume. Mfumo wa VDO wa Ujerumani, unaoonekana kwenye magari na mitambo mingi ya Ulaya, una omu 10 tangi likiwa tupu na omu 180 likijaa. Mfumo wa Kimarekani uliozoeleka wa Stewart-Warner una omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Gari nyingi za Kijapani hufuata mwelekeo huo huo wa Kimarekani kwa namba nyingine, karibu omu 110 tupu na 3 limejaa. Kwa hiyo waya wa geji ukikatika, ambapo ukinzani unakuwa hauna mwisho, lori la Kijapani litaonyesha tupu wakati lori la mfumo wa VDO litaonyesha limejaa mpaka mshale upite alama. Waya ule ule ukichunika na kugusa chasisi, mambo yanageuka: Mjapani ataonyesha amejaa, VDO ataonyesha tupu.

Ukielewa hapo, utaelewa pia kwa nini floti iliyonunuliwa kwa kulinganisha matundu ya skrubu tu inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye tangi na bado mshale ukasoma kinyume, ukashuka unapojaza na kupanda unapotembea. Nimeletewa lori la namna hiyo. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha dashibodi nzima.

Likate lori vipande viwili

Kosa la kawaida ni kuanza na duka la vipuri. Geji inasoma vibaya, mtu ananunua floti. Bado, ananunua geji. Bado, analaumu waya. Fanya kinyume chake. Igawe njia ya umeme katikati, ujue ugonjwa uko upande gani, kisha ugawe tena.

Katikati ya njia ni soketi ya floti juu ya tangi. Zima ufunguo, safisha vumbi na matope, fungua soketi. Mara nyingi utakuta nyaya mbili au tatu: wa geji, wa ethi, na kwenye baadhi ya magari wa tatu wa taa ya onyo. Acha waya wa geji ukining'inia bila kugusa kitu. Washa ufunguo pasipo kuwasha injini, utazame mshale. Usiwe na haraka, kwa sababu geji za kizamani zinazotumia kipande cha metali mbili kinachojikunja kwa joto hupanda pole pole na huweza kuchukua nusu dakika. Za sumaku huitika papo hapo. Kisha gusisha ncha ya waya ule kwenye chuma safi cha chasisi kwa sekunde chache. Kama gari ni la kizamani na unaogopa kuunguza geji, upitishe waya kwenye balbu ndogo ya wati 3 hadi 5 badala ya kugusa chuma moja kwa moja. Mshale hautafika mwisho kabisa lakini utauona ukiondoka.

Mshale ukienda mwisho mmoja waya ukiwa hewani, na ukaelekea mwisho wa pili waya ukigusa chasisi, basi geji, fyuzi na ule waya mrefu vyote ni vizima. Umemaliza nusu ya lori kwa dakika mbili bila kununua chochote. Ugonjwa uko kwenye floti au kwenye ethi yake.

Mshale usipotikisika, rudi mbele. Rudia zoezi lile lile nyuma ya dashibodi, kwenye mguu wa geji unaokwenda kwa floti. Ukiitika hapo, waya umekatika kati ya kichwa na tangi. Anza kuutafuta nyuma ya kichwa, pale fungu la nyaya linapopinda kila kichwa kinapoinuliwa, kisha kila mahali linapopita kwenye ukingo mkali wa chasisi. Waya unaweza kukatika ndani huku ngozi yake ikiwa nzima. Uvute taratibu, sehemu iliyokatika hurefuka kama mpira. Usipoitika hata nyuma ya dashibodi, pima kama umeme wa ufunguo unaifikia geji. Kwenye malori mengi makubwa utegemee volti 24 au zaidi kidogo.

Kuna dalili moja inayookoa muda mwingi. Geji ya mafuta na ya joto la maji zikianza kusoma vibaya siku moja, zote juu au zote chini, acha tangi kabisa. Magari mengi ya zamani yana kifaa kidogo nyuma ya dashibodi kinachopunguza na kutuliza volti kwa ajili ya geji, na geji hizo mbili hunywa kisima kimoja. Kifaa hicho kikifa, au ethi ya dashibodi ikilegea, zinaumwa pamoja.

Taa ya onyo nayo ni shahidi mzuri. Kwenye magari mengi taa hiyo haitegemei mshale hata kidogo. Ndani ya floti kuna punje ndogo inayobadilika ukinzani kwa joto: ikizama kwenye dizeli inabaki ya baridi na inazuia umeme, mafuta yakishuka ikawa hewani inapata moto, inaachia umeme, taa inawaka. Kwa hiyo taa ikiwaka na mshale uko nusu, iamini taa kwanza, ukapime tangi kwa kijiti. Dizeli ikiisha kabisa hasara yake si ya kusukuma gari tu hadi sheli. Mfumo unavuta hewa, itabidi upige pampu ya mkono na kutoa upepo kwenye filta na mabomba, na pampu ya presha ambayo hulainishwa na dizeli yenyewe inakuwa imezunguka ikiwa kavu. Kwenye injini za kisasa zenye presha kubwa, dakika hizo za ukavu zinaweza kuiharibu pampu moja kwa moja.

Ethi, ugonjwa ulioletwa kwangu

Kwa lori la Makambako, mshale uliitika vizuri mbele na nyuma. Basi nikaiacha dashibodi, nikageukia ethi. Kabla hata ya mita ya kupimia umeme, kuna jaribio la bure: washa ufunguo, utazame mshale, kisha washa taa kubwa, na taa za breki, na indiketa. Mshale ukicheza na taa, au ukipigapiga kwa mdundo wa indiketa, ethi inagombaniwa. Umeme wa taa umekosa njia nzuri ya kurudi, unalazimisha njia ya floti.

Wa kwetu haukucheza na taa, kwa sababu floti ilikuwa na bolti lake peke yake. Nikazima ufunguo, nikaweka mita kwenye omu, ncha moja juu ya kifuniko cha floti na nyingine kwenye hasi ya betri. Pale pangepaswa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma 38. Nikaligonga bolti la ethi kwa mpini wa bisibisi: 6. Nikaligonga tena: 41. Nikamwita mwenye gari aje aone namba zikiruka, nikampa bisibisi agonge mwenyewe.

Geji ya lori lile ilikuwa ya mfumo wa VDO, ule wa omu 10 hadi 180. Kati ya tupu na kujaa kuna omu 170 zinazowakilisha lita 300. Kutu ikiongeza omu 40, kwa hesabu ya moja kwa moja umeongezewa karibu lita 70 ambazo hazimo tangini. Usiku ule lori lilitikiswa na barabara na kutu ikaachana na chuma, mshale ukaonyesha lita 83 za kweli na 70 za kutu. Lilipopoa na kutulia, bolti likashika, zile 70 zikatoweka. Hakuna aliyezinyonya. Hazikuwahi kuwamo.

Jambo hili ni baya zaidi kwa mfumo huo kuliko kwa mfumo wa Kijapani. Kwa Mjapani, ethi mbovu inashusha mshale. Unaogopa, unajaza mapema, hasara yako ni kusimama sheli bila sababu. Kwa VDO inapandisha, na dereva anaamini ana mafuta ya kumaliza safari mpaka anazimikiwa porini.

Kwa asiye na mita, chukua waya mrefu wenye ngozi nzuri, funga upande mmoja kwenye hasi ya betri, na upande wa pili gusisha kwenye ethi ya floti huku ufunguo ukiwa umewashwa. Mshale ukihama, umepata ugonjwa. Mwenye mita anaweza kuiweka kwenye volti badala ya omu, ufunguo ukiwa umewashwa, ncha zikiwa pale pale. Ikisoma zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti, ethi ina shida. Tiba yake ni kazi ya mikono: fungua bolti, kwangua kutu na rangi kwa msasa mpaka chuma kimetemete, weka kichwa kipya cha waya na washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu ili maji yasirudi. Kupaka rangi chasisi kabla ya kuondoa nyaya za ethi ndiko kunakozalisha ugonjwa huu kwa wingi, na malori yetu hupakwa rangi mara kwa mara.

Ndani ya tangi

Ethi ikiwa safi na bado mshale haueleweki, floti itoke. Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Dizeli haishiki moto kirahisi kama petroli, kwa kawaida mvuke wake huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ili uweze kuwaka, lakini tangi lililopigwa jua na dizeli ya moto inayorudi kutoka kwenye injini halipaswi kuonyeshwa cheche. Na kama utahitaji kuchomelea, ujue kwamba tangi tupu lililojaa mvuke ni la hatari kuliko lililojaa mafuta. Watu wamekufa kwa hilo.

Weka alama ya kalamu au rangi kwenye kifuniko na kwenye tangi kabla ya kufungua. Floti nyingi zina skrubu tano, na matundu yake yamepangwa ili iingie upande mmoja tu; nyingine hufungwa kwa pete ya kuzungusha. Ukiirudisha imepinda, mkono utagonga ukuta wa tangi au bomba la kunyonyea na boya halitafika chini.

Ikiwa mkononi, itikise boya sikioni. Ukisikia maji maji ndani, limetoboka na limekunywa dizeli, ndiyo maana mshale hauondoki kwenye tupu. Halafu weka mita kwenye omu na uinue boya kwa kidole, polepole sana, kutoka chini mpaka juu. Namba zinatakiwa zitiririke. Zikiruka, au mita ikionyesha njia imekatika mahali fulani katikati, utepe umechakaa pale kidole kinapopita zaidi. Kwa lori linalojazwa nusu kila siku, uchakavu utaukuta hapo hapo nusu, na dereva atakuwa ameshakwambia kwamba mshale "unaanguka ghafla ukifika nusu". Wasikilize madereva wanapotaja mahali. Wanakupa anwani ya ugonjwa.

Malori mengine hayana mkono. Yana bomba la wima, na ndani yake boya lenye sumaku linapanda na kushuka, likifunga swichi ndogo ndogo moja baada ya nyingine. Hayo mshale wake hupiga hatua badala ya kutiririka, na huo si ugonjwa. Ugonjwa wake mkuu ni uchafu: maji yanayokaa chini ya dizeli, kutu ya tangi, na ule utelezi mweusi unaoota pale maji na dizeli vinapokutana, vinalishika boya ndani ya bomba lisishuke. Kulisafisha bomba bila kumwaga maji ya chini ya tangi ni kurudia kazi hiyo hiyo mwezi ujao.

Geji nzima, tangi lenye ujanja

Mara nyingine kila kitu kinapima vizuri na bado dereva anasema robo ya mwisho inaisha haraka. Anasema kweli. Tangi la mviringo lililolazwa lina tumbo pana katikati na kitako chembamba. Mafuta yakifika robo ya kimo chake, kilichobaki si robo ya ujazo. Ni asilimia 19 na nusu tu. Kwa tangi la lita 400, mshale unaosoma kimo utakwambia 100 huku zilizomo ni 78. Geji zilizotengenezwa kwa tangi hilo husahihishwa kiwandani. Lakini hapa kwetu matangi hubadilishwa, huongezwa urefu, huchomelewa mapya kwa ajili ya safari ndefu, na floti ya tangi la zamani inahamishiwa humo. Floti ya tangi la kimo cha sentimita 50 ikiwekwa kwenye lenye kimo cha 65, kuna tabaka zima la dizeli ambalo boya halilioni.

Malori ya matangi mawili yana fumbo lake. Mara nyingi floti iko kwenye tangi moja tu, na matangi yameunganishwa kwa bomba la chini ili yawe sawa. Bomba hilo likiziba, au tundu la kupumulia la tangi moja likiziba kwa matope, tangi moja linaisha na jingine linabaki limejaa, na mshale unasema habari ya nyumba moja. Kumbuka pia kwamba injini ya dizeli hairudishi tone mbili tatu. Sehemu kubwa ya inayovutwa inarudi tangini. Bomba la kurudishia likielekezwa tangi lingine na lile inalotoka, mafuta yanahamishwa mchana kutwa.

Mlima nao una sehemu yake. Ukipanda Kitonga mafuta yanalalia nyuma ya tangi, ukishuka yanalalia mbele. Floti iliyo katikati haidanganyiki sana, iliyo pembeni inadanganyika. Msomo wa mteremkoni usiupeleke kwa bosi. Egesha tambarare, ngoja yatulie.

Joto husingiziwa sana, kwa hiyo tulipime. Dizeli hunywea kwa karibu sehemu 8 katika 10,000 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka. Lita 300 zikipoa kwa nyuzi 15 usiku wa Makambako, zitapungua lita 3 na ushee, basi. Dereva anayesema baridi imekula lita 70 amekosea, na mwenye gari anayekataa hata hizo 3 amekosea pia.

Kwa malori ya miaka ya karibuni, floti haizungumzi na mshale moja kwa moja. Inapeleka omu zake kwenye kompyuta, kompyuta inazituliza ili mshale usiyumbe, kisha inauamuru mshale kwa lugha ya kidijitali. Hapo usigusishe waya kwenye chasisi ovyo. Tumia kikinza, yaani kifaa kidogo cha kuzuia umeme, cha omu zinazojulikana kati ya waya wa geji na ethi, uone kama msomo unalingana, na usome hitilafu zilizohifadhiwa kwa mashine. Dashibodi nyingi hizo huzungusha mishale yote mpaka mwisho na kuirudisha unapowasha ufunguo; mshale wa mafuta ukizunguka vizuri na wenzake, wenyewe ni mzima, na ugonjwa utafute nyuma yake. Ethi bado ni ile ile, bolti na kutu.

Lori la Makambako tulilimaliza kwa kijiti. Tulilimwaga tangi, tukalirudishia dizeli lita 20 kwa 20, na kila mara dereva alizamisha ufito wa mninga mpaka chini, akaukata alama kwa kisu pale ulipolowa. Alama ya kwanza na ya pili zilikuwa zimeachana sana, za katikati zilibanana, za juu zikaachana tena. Mwenye gari aliushika ufito ule muda mrefu kabla ya kusema neno. Kisha akamwambia dereva, "Mwanangu, utakaa nao wewe," akampa.

Kilichobaki kilikuwa gasketi ya floti. Nilikuwa nimeweka mpya, na gasketi haijulikani uzima wake mpaka tangi lijae hadi juu na kulala hivyo. Tulilijaza jioni. Asubuhi dereva alipitisha kidole kuzunguka skrubu zote tano, akakitazama, kikavu.